Mabomba Kumi na Saba Niliyoyaita Mazima

Jumatatu, 13 Januari 2025

Daftari jipya. La zamani limejaa majina ya vijiji na vipuri. Hili liwe langu. Naandika kwa Kiswahili cha baba, cha kambini kwa askari, kwa sababu binti yangu Shamim anakisikia ila hana subira ya kukisoma. Basi humu niko peke yangu.

Leo Night amepiga simu kutoka Arua. Ni injinia, mtu wa Ayivu, umri wa miaka thelathini na kitu, mikono yake ina makovu ya kazi. Anasema mashine imemaliza kujifunza.

Tangu Agosti tumezunguka naye. Mabomba ya mkono arobaini na moja, kutoka Lobule huku kwetu Koboko mpaka Ayivu. Kila mahali ni vile vile: mtu anapampu, Night anabandika kisanduku cha kurekodi, mimi nalaza sikio kwenye chuma. Kisha natamka — zima. Au — linaumwa. Yeye anaandika. Hatukufungua bomba hata moja. Kufungua kunataka nusu siku na watu sita wa kuvuta. Sikio langu lilitosha. Limetosha miaka ishirini na tisa.

Sasa kila bomba litakuwa na kisanduku chake. Kinakula jua, kinasikiliza mchana kutwa, kikisikia ugonjwa kinatuma ujumbe kabla bomba halijafa. Redioni wanaita akili mnemba. Watu wa huku wameshakiita Sikio.

Soka, mwenzangu wa kazi, Mkakwa wa Lobule mwenye mabega kama ng'ombe wa jembe, amesema, "Sasa fundi, ukikufa, masikio yako itabaki kwa chuma." Tumecheka. Lakini nimefurahi pia. Kwa nini nijifiche humu.


Alhamisi, 16 Januari

Lobule. Tumefunga visanduku sita. Jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Foleni ya jerikeni kwenye kila bomba.

Bomba la tatu ni la akina Poni. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji pale, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Alizunguka kile kisanduku mara mbili, mikono kiunoni.

"Hii inakula nini?"

"Jua," nikamwambia.

"Na bomba ikitaka kuharibika, itasema?"

"Itasema."

Kiangazi kilichopita bomba lao lilikaa limekufa siku kumi na tisa. Walichota kijitoni, saa nzima kwenda, zaidi ya saa kurudi na mzigo. Mkwe wake alijifungulia njiani, jerikeni kando. Mtoto alipona. Poni hasimulii habari hiyo. Soka ndiye aliyenisimulia.

"Wewe ndiye ulifundisha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Basi iko sawa."


Jumatano, 22 Januari

Imefanya kazi. Imefanya kazi kweli.

Jana simu ya Night ilionyesha alama ya njano kwa bomba moja la Ayivu. Leo tumelifungua. Mpira wa silinda umelika, umebaki mwembamba kama ganda la muhogo. Wiki moja zaidi na lingekufa. Tumebadilisha kabla ya adhuhuri, akina mama wakachota kama kawaida. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na hatari.

Night alikaa chini kwenye udongo na kushika kichwa. Nikafikiri anaumwa. Kumbe ni furaha. Anasema miaka minne amekuwa akiambiwa kitu hiki hakiwezekani huku kwetu.


Jumamosi, 25 Januari

Shamim analalamika. Eti naacha simu inalia mpaka inakata, niko hapo hapo. Nimemwambia abadilishe mlio, huo ni wa mbu.


Alhamisi, 30 Januari

Mkutano mjini Koboko na Jada, mkuu wa mradi. Mtu mpole, shati limepigwa pasi, anasikiliza mpaka mwisho ndipo aseme. Habari kubwa: tarehe sita Machi wageni wanaoleta fedha za mradi wanakuja kuona. Wakiridhika, wanaagiza visanduku mia nne, mkoa wetu mzima wa West Nile, mpaka kwenye kambi za wakimbizi. Vyote na ufundi ule ule alioupata Night kwangu.

Mia nne. Masikio yangu mimi Hajara, mia nne.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Sikutaka boda. Nilitaka kulifikiria jambo hilo taratibu.


Jumanne, 4 Februari

Bomba la Poni limekufa.

Si mpira. Paipu yenyewe imeliwa na kutu, imekatika, na zote za chini pamoja na silinda zimeanguka ndani ya kisima. Hadi asubuhi ya leo simu ilionyesha kijani. Kijani!

Poni hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Wewe mwenyewe ulisema iko mzima." Akachukua jerikeni zake mbili, akashika njia ya kijitoni. Wengine wakamfuata.

Nimefungua daftari la zamani. Oktoba tarehe tisa, bomba la Poni: zima. Mwandiko wa Night, neno langu.

Njiani Soka akasema, "Ile siku ya Oktoba, mimi nilisikia inafanya sss. Ndogo."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilidhani umesikia. Wewe ndiye fundi."


Jumatano, 5 Februari

Nimemchukua Soka hadi bomba la karibu na kanisa. Nikampa kazi ya kupampu kisha kuacha. Paipu ikiwa na tundu, ukiacha kupampu maji yanarudi chini kwa upenyo ule, na unasikia sss, kama mtu anayepuliza hewa katikati ya meno. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii.

Nikalaza sikio la kulia. Chuma, moyo wangu, basi.

La kushoto. Hivyo hivyo.

"Iko?" nikamuuliza.

"Iko."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa, fundi."

Tumerudia mara sita. Mara ya mwisho nilimwambia ageukie upande wa pili, nisiuone uso wake.


Ijumaa, 7 Februari

Arua. Nimemwambia Shamim naenda kutafuta vipuri. Kliniki ya masikio iko juu ya duka la magodoro. Muuguzi anaitwa Ramathan, kijana wa kwetu, Mnubi, babu yake na baba yangu walikuwa kikosi kimoja. Kanivalisha vitu masikioni, kanipa kitufe. Ukisikia, bonyeza.

Nikabonyeza. Nikabonyeza. Kisha nikakaa kwa muda mrefu nikingoja aendelee. Nikamwambia, endelea basi. Akasema, "Mama, nimeshamaliza."

Sauti nene nasikia kama kijana. Sauti nyembamba zimekwenda. Masikio yote mawili. Jenereta, mashine za kusaga nilizotengeneza ujanani, na umri. Hazirudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vinasaidia kiasi.

Nikamuuliza: tangu lini?

Hawezi kujua. Hizi zinaondoka polepole, mtu hana habari. Labda miaka mitatu. Labda mitano.

Kuanzia Agosti mpaka Desemba nilikuwa nalaza sikio kwenye chuma na kutamka kama kadhi.


Jumamosi, 8 Februari

Sijamwambia mtu. Soka anajua nusu, na Soka hasemi.

Nimefikiri hivi. Bomba lenye mpira uliolika linapiga kishindo kinene — hilo nalisikia, nililisema sawa, ndiyo sababu Ayivu ilifaulu. Bomba lenye tundu linalia kwembamba — hilo sikulisikia, nikasema zima. Mashine haina kosa. Imeshika nilichoifundisha. Nimeifundisha kwamba sss ni afya.

Ningeweza kunyamaza. Jambo hili naliandika ili nilione. Ningesema paipu ya Poni ilikuwa ya zamani, bahati mbaya, na hakuna ambaye angebisha. Machi wageni wangekuja, visanduku mia nne vingeagizwa, jina langu lingewekwa kwenye bango. Na kila mahali penye tundu, alama ya kijani.

Nimesali adhuhuri. Nimepika. Nimefua. Bado naliona.

Jumatatu naenda Arua.


Jumatatu, 10 Februari

Nimemwambia Night. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yaliyotoka ni haya: "Mimi ni kiziwi wa sauti nyembamba. Nimekufundishia mashine vibaya."

Karakana yake iko nyuma ya nyumba ya mama yake huko Ayivu, mabati juu, paneli mbili za jua, meza imejaa nyaya. Kuku aliingia, akatoka. Night akanivutia kiti, akasema, "Kaa, mama," akafungua kompyuta.

Kuna kitu sikukijua. Mashine haisikii kama sisi. Sauti inaigeuza picha. Sauti nene ziko chini, nyembamba ziko juu. Akaniwekea bomba la Poni, lile la Oktoba. Chini, vishindo vya kupampu, kama vilima. Na juu kabisa, baada ya kuacha kupampu — mstari. Mwembamba, mweupe, umenyooka.

"Ni hiyo?" akauliza.

Nikaweka kidole juu ya kioo. Ndiyo. Nimeiona sss kwa macho. Machozi yalitoka, nikasema ni vumbi.

Tumekagua yote arobaini na moja. Mstari uko kwenye mabomba kumi na nane. Ukitoa la Poni lililokwisha kuanguka, kumi na saba. Yote nimeyaita mazima.

Night anasema hatuwezi kugeuza tu yote kuwa magonjwa. Cheni kavu ya mpini wa bomba inaweza kupiga mluzi huo huo. Beringi pia. Tukibahatisha, tutaifundisha uongo wa pili. Lazima mtu ajue kweli ya kila bomba.

"Basi tufungue," nikasema.

"Yote?"

"Yote kumi na saba."

Aliogopa. Si kazi, ni Jada. Nikamwambia Jada niachie mimi. Kosa ni la sikio langu. Mdomo ni wangu pia.


Jumanne, 11 Februari

Jada alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akafunga mlango.

Hakukasirika. Alisema nimefanya vizuri kumwambia. Alisema pia wageni wakisikia mwalimu wa mashine alikuwa hasikii, wataondoka na fedha zao na hakutakuwa na kisanduku hata kimoja, kizuri wala kibaya. Turekebishe baadaye, polepole, wageni wakishakwenda. Na neno kiziwi tusilitumie.

Nikamwambia Poni anachota kijitoni leo.

"Najua, Mama Hajara."

"Kuna Poni kumi na saba."

Alitazama dirishani. Hana gari la kunipa, hana watu wa kuvuta, siku ni chache. Mwisho akasema: fungua, kama unaweza, kwa mikono yako. Ukiniletea majibu kumi na saba kabla wageni hawajafika tarehe sita, Night abadilishe mafundisho na nitawaambia wageni yote. Yakipungua, visanduku vinaagizwa hivi vilivyo.

Nimetoka na hilo. Linatosha.


Jumatano, 12 Februari

Kikao cha kamati, Lobule. Nilisimama nikasema mbele ya watu wote: masikio yangu yameharibika, bomba lenu nilisema zima kwa sababu sikusikia, nimekuja kufungua mengine kabla hayajaanguka. Mzee mmoja nyuma alimuuliza jirani yake kama fundi kiziwi ni fundi gani. Wengine wakacheka. Nilisikia hilo — sauti yake ilikuwa nene.

Poni alisubiri watulie.

"Ungesema mbele, kabla haijakufa," akaniambia.

"Sikujua mbele."

Akanitazama sana. "Bomba gani kesho?"


Alhamisi, 13 Februari

La kwanza, lile la karibu na kanisa. Poni alikuja na wanawake wanane. Wanatembea kijitoni alfajiri, wanarudi, kisha wanakuja kuvuta vyuma vya bomba la watu wengine.

Paipu ya nane ina tundu, sawa na mbegu ya haragwe. Nimeingiza kidole.

Jibu la kwanza: linaumwa. Nimempigia Night, akaandika.


Jumamosi, 15 Februari

Mawili leo. La asubuhi, matundu mawili. La mchana — hakuna kitu. Paipu zote nzima, ni cheni tu iliyokauka. Akina mama wa pale wamenijia juu: umefunga maji yetu nusu siku, bure, na jua hili. Wana haki. Nimepaka cheni grisi, nimeomba radhi, nimewapampia jerikeni zao mwenyewe mpaka ya mwisho.

Lakini si bure. Night amenieleza kwenye simu: bomba zima lenye mluzi ni darasa kubwa kuliko bovu. Bila hilo mashine haitajua tofauti. Nimempa Soka maneno hayo awaambie. Alipoyasema yeye kwa Kikakwa, walitulia kidogo.


Jumanne, 18 Februari

Paipu za Poni zimetoka kisimani. Siku tatu za kuvua kwa ndoano na kamba, kama watu wanaovua kambare. Soka alipohisi ndoano imeshika hakupumua. Tumefunga paipu mpya sita, ambazo Jada — ndiyo, Jada — amezitoa stoo bila kuandika barua yoyote.

Maji ya kwanza yalitoka mekundu, kisha meupe. Poni alionja. Akatema, akaonja tena. Kisha akanipa mimi kikombe.


Ijumaa, 21 Februari

Saba yamekwisha. Manne mabovu, matatu mazima. Kiganja cha kushoto kimechanika. Shamim amekifunga, akauliza maswali. Nimemwambia yote, kliniki na mengine. Akalia, kisha akanikasirikia kwamba nilimdanganya kuhusu vipuri. Sasa anasema nami akinitazama usoni, taratibu, kama anasema na mgeni. Nimemwambia aache. Amekataa.


Jumatano, 26 Februari

Kumi na mbili. Leo Ayivu, mawili. Baiskeli ya Soka imebeba spana, boda ikanibeba mimi na vibanio vya paipu.

Mkulima mmoja pale, Adrabo, alitutazama tangu asubuhi, akatuuliza kwa nini tunahangaika kufungua bomba linalotoa maji. Nikamwambia mashine yetu iliambiwa uongo, tunatafuta ukweli wa kuipa. Akafikiri. Akasema hata shamba la muhogo ukitaka kulijua lazima uchimbe. Akavua shati, akaja kuvuta.


Jumapili, 2 Machi

Ramadhani. Nafunga na kufanya kazi. Maji yanatiririka mpaka kwenye viwiko, na mdomo ni mkavu. Soka si Mwislamu lakini hanywi mbele yangu. Anakwenda nyuma ya mti na kurudi anafuta midevu, anadhani sioni.

Kumi na nne.


Jumanne, 4 Machi

Kumi na sita. Tisa yana matundu, saba hayana. Tisa yangeanguka moja baada ya jingine, kiangazi hiki au kijacho, na simu ingekuwa kijani.

Limebaki moja, la mjini Koboko, kando ya lami. Tumelipangia Alhamisi asubuhi, kabla wageni hawajafika.

Night ameifundisha mashine upya kwa majibu kumi na sita. Kisha akaipa lile la kumi na saba, ambalo hakuna aliyelifungua. Mashine imesema: linaumwa. Tundu.

Nimempeleka Soka akasikilize. Alikaa na sikio pale muda mrefu. Anasema hapana. Ni cheni. Ameshafungua kumi na sita, anajua cheni inavyolia.

Kwa hiyo mashine inasema hivi, Soka anasema vile, na mimi nimelaza sikio na kusikia moyo wangu.


Alhamisi, 6 Machi

Naandika hapa hapa kando ya bomba, nimekaa juu ya tairi. Soka amefunga kibanio na anapumzika kidogo.

Tulipofika asubuhi tulikuta turubai, viti vya plastiki, bango. Wageni wanaletwa hapa hapa, kwa sababu ni karibu na barabara. Hakuna aliyetuambia. Hasifa, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alikuwa anapanga wanafunzi wa kuimba.

Jada alifika mbio. Kwa mara ya kwanza nimemwona shati limelowa. "Mama Hajara, si leo. Subiri wakishakwenda. Kumi na sita imetosha, nakubali kumi na sita. Nitawaambia yote, nimekuahidi, na nitawaambia. Lakini si mbele yao, bomba likiwa vipande vipande."

Ni jambo la heshima, nakiri. Amepunguza masharti yake mwenyewe.

Nikamwambia: kumi na sita ndiyo tuliyoifundishia mashine. Hayo inayajua kwa sababu tumeiambia. Hili hatujaiambia. Hili ndilo litakalotuonyesha kama imejifunza au imekariri. Ukiagiza mia nne, unaagiza kwa jibu la hili.

"Na ikiwa imekosea? Mbele yao?"

"Basi ni afadhali ikosee hapa mara moja."

Akamgeukia Night, akidhani atamsaidia. Night alikuwa amekumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Akasema kwa sauti ndogo — niliisoma midomoni mwake — "Fungua, mama."

Tukafungua. Poni yuko hapa. Ametembea kutoka Lobule na wanawake watano, hakuna aliyewaita. Hasifa amewaondoa watoto kwenye jua, naye amekunja mikono ya gauni lake.

Paipu ni kumi na mbili. Nne ziko juu ya nyasi. Nimezipitisha kidole zote, ndani na nje. Nzima. Safi.

Soka ameinamia kibanio chake. Hataki kuonekana anashinda.

Magari yamefika sasa hivi. Matatu, meupe. Wameshuka, wamesimama pembeni, wanatazama bomba ambalo limefunguliwa kama ng'ombe wa sikukuu. Jada amekwenda kuwapokea. Naona anaongea, anaonyesha sikio lake kwa kidole, kisha ananionyesha mimi. Anawaambia. Hakungoja mwisho, anawaambia sasa.

Mmoja wao, mama mwenye nywele za mvi, amekuja mpaka hapa. Ameniamkia vizuri, akainama karibu na uso wangu ili nisikie, akauliza: kwa maoni yangu kama fundi, hili bomba ni zima au linaumwa?

Miaka ishirini na tisa watu wameniuliza swali hilo, na kila mara nimelijibu kabla hawajafunga mdomo.

Nimemwambia, "Sijui, mama. Zimebaki nane chini. Kama una nguvu, hapo kwenye kamba kuna nafasi nyuma ya Poni."

Amevua viatu.

Soka ananiita kwa mkono. Paipu ya tano imeanza kupanda. Naweka kalamu, naenda kuipitisha kidole.